Alikuwepo Sasa Hivi

Katika miaka niliyoendesha watalii Serengeti na Ngorongoro nilisikia visingizio vya kila aina, na vingi nilivitunga mwenyewe. Simba wamekimbia jua, chui kahamia mti mwingine, faru kalala kwenye nyasi ndefu. Lakini kisingizio kilichokomaa nilikwenda kukutana nacho Kupro, mwezi wa nne. Kila tulipofika mahali, mtu mwenye darubini shingoni aligeuka, akatutazama kwa huruma iliyochanganyika na furaha asiyoweza kuificha, akasema, "Alikuwepo sasa hivi."

Na hawadanganyi. Hilo ndilo linalouma. Watazamaji ndege ni watu wakweli kupita kiasi. Mmoja wao akikwambia kwamba aliyemwona ni jike la mwaka wa pili, basi ni jike la mwaka wa pili, na yuko tayari kununiana na mkewe juma zima kwa ajili ya hilo.

Aliyenipeleka huko ni mgeni wangu wa zamani, Mdenmaki ambaye nilimzungusha mbugani mara nyingi mpaka tukawa ndugu. Namwita Mzee, naye anapenda. Enzi zile alikuwa mtu wa simba na duma, mwenye kamera ndefu kuliko mkono wake. Ndege walimwingia baada ya kustaafu, kama vile wengine wanavyoingiwa na bao au bustani ya mchicha. Siku moja akanitumia tiketi na maneno machache: umenionyesha kwenu, njoo nikuonyeshe kwetu. Kupro si kwao hata kidogo. Baadaye nilielewa kwamba watu wa namna yake hawana nchi, wana kalenda. Aprili kwao ni Kupro. Septemba kwao ni mahali pengine popote penye upepo.

Msomaji wa Biblia anakijua kisiwa chenyewe, maana ndiko Paulo na Barnaba walikoshukia katika Matendo ya Mitume, wakakivuka kutoka Salami hadi Pafo. Ni cha tatu kwa ukubwa katika Mediterania, baada ya Sicily na Sardinia, na kimekaa pale ambapo Afrika, Asia na Ulaya zinakaribiana. Ndege waliokimbilia kwetu wakati wa baridi ya Ulaya hufunga safari ya kurudi kaskazini kuzaliana. Wanavuka Sahara, wanavuka bahari, na wengi wanatua hapo wakiwa hoi. Aina zaidi ya 400 zimekwisha kuandikwa kisiwani, na nyingi kati yao ni za wapitaji. Hushuka, hula, hulala kidogo na kuondoka bila kumuaga mtu.

Sasa sikiliza maajabu. Anga likiwa safi na upepo ukivuma kutoka kusini, wasafiri hawa hupita juu kwa juu wala hawatui. Mvua ikinyesha alfajiri, au upepo ukigeuka ukawapiga usoni, ndipo wanapoanguka vichakani kwa wingi. Kwa hiyo mtazamaji ndege huamka akiomba balaa. Pale hotelini familia moja ilikuwa inalalamikia mawingu, na Mzee, meza ya pili, alikuwa analalamikia jua. Kila upande uliuona mwingine umerukwa na akili.

Mimi nilidhani nimekwenda likizo. Tulipochukua gari la kukodi Larnaca, Mzee akakumbuka kwamba Kupro wanaendesha upande wa kushoto, urithi wa Waingereza waliotawala mpaka 1960, ilhali kwao Denmaki wanaendesha kulia. Alijaribu. Kwenye mzunguko wa kwanza tukajikuta uso kwa uso na lori la machungwa. Akasimamisha gari, akashuka, akazunguka, akanifungulia mlango wa dereva bila kusema neno. Ndivyo nilivyoacha kuendesha watalii Arusha, nikavuka bahari, nikaenda kuendesha mtalii. Faida niliyoiona ni moja tu: magari ya kukodi huko yana vibao vyekundu, na wenyeji wakiviona husogea kando mapema. Heshima ya namna hiyo sikuwahi kuipata barabara ya Moshi.

Asubuhi ya kwanza nikavaa shati jipya. Nilikuwa nimeona picha: bahari ya buluu, miamba, magofu ya marumaru. Mzee akanielekeza kushoto, kulia, kushoto tena, mpaka harufu ikaja kutupokea. Tulikuwa kwenye mabwawa ya maji taka ya mji wa Larnaca. Akashusha kioo, akavuta pumzi ndefu, akatabasamu. Maji taka yana wadudu, na penye wadudu ndege hawakosi. Nairobi nao wanafanya hivyohivyo pale mabwawa ya Dandora, kwa hiyo siwezi kusema ni wazimu wa Wazungu peke yao. Akanionyesha vitwitwi wa aina nne. Mimi niliona kitwitwi wa aina moja, mara nyingi. Kuhusu wa tano, tulipishana na bwana mmoja getini. Tayari unajua alichosema.

Mchana nikadai haki yangu. Kando ya ziwa la chumvi la Larnaca kuna msikiti wa Hala Sultan, na ndani yake kaburi la Umm Haram, sahaba wa kike ambaye, kwa mapokeo, alianguka kutoka kwenye baghala akafariki wakati Waislamu walipokiendea kisiwa hicho katika karne ya saba. Nilitaka kuzuru na kusoma Fatiha kwa utulivu. Heroe wengi walikuwa wamekwisha ondoka ziwani, hivyo nikajua Mzee hana la kufanya, atakaa kivulini.

Nilipotoka nilimkuta amesimika darubini yake kubwa ya miguu mitatu bustanini, ameielekeza moja kwa moja kwa akina mama waliokuwa wamekaa chini ya mti na chakula chao. Walikuwa familia kutoka Lebanoni, na baba mmoja alikuwa amesimama kiuno kimeshikwa, anatafuta neno la kuanzia ugomvi. Nikakimbia. Nyuma ya akina mama, kwenye majani, kulikuwa na ndege mwenye kishungi anadonoa ardhi. "Hudihudi!" nikapiga kelele. Yule baba akageuka, akamwona, akacheka. "Hudhud! Wa Nabii Suleiman!" Basi ugomvi ukageuka foleni. Mabibi, wajukuu, hadi mlinzi wa geti, kila mtu akainama kuchungulia mjumbe wa Suleiman. Ilipofika zamu ya bibi mzee kuliko wote, hudihudi akaruka. Mzee, kwa upole wa daktari, akamwambia kwa Kiingereza kwamba alikuwepo sasa hivi.

Ujumbe wenyewe uliotupeleka mbio uliingia kwenye simu yake alfajiri, siku kadhaa baadaye. Alitoka bafuni na povu la kunyolea shavuni. Mandria, mashamba ya karibu na uwanja wa ndege wa Pafo: kitwitwi wa Kaspi, dume, katika rangi zake zote! Sikujua ni nani huyo. Nilijua tu kwamba watu hawakimbii namna ile kwa sababu ya ndege, wanakimbia namna ile nyumba ikiungua. Kutoka Larnaca hadi Pafo ni mwendo wa saa moja na nusu. Mzee aliutumia wote kunieleza kwamba huyu anazaliana kwenye nyika zinazozunguka Bahari ya Kaspi, kwamba anapita Kupro kwa nadra, na kwamba yeye amemkosa kila mwaka.

Tukafika. Unajua.

Ili kumtuliza nikampeleka rasi ya Pafo, kwenye mnara wa taa, mahali pengine pa sifa kwa wasafiri wanaotoka baharini. Njia inapita katikati ya mji wa kale. Mwaka 1962 mtu aliyekuwa analima pale aliibua sakafu za nyumba za Kirumi zilizonakshiwa kwa vijiwe vya rangi, kazi nzuri ajabu, na tangu 1980 UNESCO imeviweka vitu vya Pafo katika urithi wa dunia. Watu wanatoka mbali kuja kuziona. Mzee na wenzake walizipita wakiwa wamezigeuzia mgongo, wanachungulia magugu. Nikaingia peke yangu. Kwenye sakafu moja kuna tausi, mkia umetandazwa, na hajaenda popote tangu zama za Warumi. Nilitoka nikawaambia kwamba huyu wangu bado yupo. Hawakucheka.

Jioni tukala kijijini, mahali sitapataja. Mwenye mkahawa, babu mchangamfu, aliona darubini akauliza kama tumependa ndege. Mzee akasema sana. Babu akakonyeza, akaingia jikoni, akarudi na sahani iliyofunikwa kwa kitambaa. Ndani yake mlikuwa na ndege wadogo wa kukaanga, vichwa vikiwa mahali pake. Huko huwanasa kwa ulimbo, ule ule tuliouchezea utotoni, ila wao huupaka kwenye fimbo na kuzichomeka mitini, na mtego haubagui kati ya ndege wa kawaida na adimu. Sheria imekataza tangu 1974, lakini sahani bado hupita chini ya vitambaa. Mzee akawa mweupe kuliko alivyo. Akaweka uma chini, akamwambia babu maneno mazito kwa Kidenmaki, tukaondoka. Moyoni nilikuwa upande wa Mzee kabisa. Tumboni nilikuwa upande wa viazi vilivyobaki mezani.

Asubuhi tukarudi Mandria. Kundi la watu lilikuwa limejipanga ukingoni mwa shamba lililolimwa, kimya, darubini zote zimeelekea mahali pamoja. Mzee akatetemeka. Akasogea, akatazama, wakaanza kunong'ona juu ya rangi ya kifua. Mama mmoja wa Kiingereza akasema ni dume. Bwana mwingine akasema mkanda mweusi hauonekani vizuri, labda ni wa mwaka jana. Wakaendelea hivyo mpaka jua likapanda, kivuli kikasogea, na kifua cha yule dume kikaonekana kuwa bonge la udongo. Hakuna aliyesema lolote. Kila mtu akafuta lenzi yake.

Ndipo wakaja walinzi wawili. Watu wenye darubini karibu na uzio wa uwanja wa ndege hawapendezi machoni pa mlinzi. Mwaka 2001, kule Kalamata, Ugiriki, Waingereza na Waholanzi waliokuwa wakiandika namba za ndege za kijeshi kwa kujifurahisha walikamatwa kwa tuhuma za ujasusi. Mzee, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na chombo kikubwa kuliko wote, akaitwa pembeni kujieleza. Akajieleza kwa kuwafungulia kitabu, ukurasa kwa ukurasa. Mlinzi kijana akachoka na kitabu, akainama kwenye darubini.

Wakati huohuo trekta likaingia shambani, watu wakaguna kwa pamoja. Mbele ya trekta kikatoka kidege, kikakimbia hatua chache, kikasimama wima, kikakimbia tena, kikasimama. Uso mweupe, kifua cha rangi ya tofali, chini yake mkanda mweusi. Nilikijua kabla sijainua darubini. Nikaita, "Mzee!" Alinipungia mkono nisubiri, alikuwa kwenye ukurasa wa korongo. Kidege kikaruka, kikapita juu ya uzio, kikaelekea baharini.

Mlinzi akainua kichwa kutoka kwenye darubini ya Mzee. "Kadogo," akasema, akijishika kifuani. "Hapa pekundu, hapa peusi. Kazuri."

Sijapata kumwona mtu mzima akimtazama mwenzake kwa macho yale.

Kundi likanizunguka. Nilimtambuaje upesi vile? Nikawaeleza kwamba ni jirani. Wanakaa kwetu toka Agosti mpaka Aprili, kwenye nyasi fupi za kusini ya Serengeti, na Ndutu wakati nyumbu wanazaa huwa wamejaa mbele ya magurudumu. Mama wa Kiingereza akauliza, kwa sauti ndogo, nimewahi kuona wangapi kwa mara moja. Nikasema mamia. Akauliza tulikuwa tunafanya nini nao. Nikasema tulikuwa tunatazama nyumbu. Hakunisemesha tena.

Mzee alikaa kimya mpaka tukafika barabara kuu. Kisha akauliza kama walikuwepo hata zile safari nilizompeleka Ndutu yeye.

"Safari zote, Mzee. Kuna siku uliniambia nipige honi watoke, wanakuharibia picha ya duma."

Basi, msomaji, ikiwa nawe ndege wamekuingia, usihangaike na maji taka ya watu. Nenda Ndutu mwezi wa pili, mwambie dereva azime injini, na utazame chini, katikati ya miguu ya nyumbu. Kiingilio ni kilekile cha kuona simba. Mzee amekwisha weka nafasi, na gari lina viti vingine vitano. Bei tutaelewana.