Namna ya Kumtambua Jingo Kabla Hajakupeleka Vitani

Jingo ni mpenda vita wa mdomoni; usimtafute kambini. Askari aliyewahi kuzika wenzake hana haraka ya kurudi mstari wa mbele, na jingo hana shughuli huko. Mtafute penye viti, vinywaji na kiitikio. Majingo wa kwanza kuitwa kwa jina hilo walipatikana London mwanzoni mwa 1878, katika kumbi za muziki na vichekesho, wakimshangilia mwimbaji G. H. MacDermott. Urusi ilikuwa ikipigana na Waturuki tangu Aprili 1877, na majeshi yake yalikuwa yamekaribia Konstantinopoli, Istanbul ya leo. MacDermott akaimba wimbo wa kuitambia Urusi, uliotungwa na G. W. Hunt, ukumbi mzima ukaitikia, na watu waliolipa kiingilio wakatoka barabarani wakijiona wameshaipiga Urusi.

Ukishampata, sikiliza anavyoanza. Jingo huanza na amani. Hataki ugomvi, anaapa hataki, ila akichokozwa... Ishike hiyo "ila". Wimbo wa Hunt ulijengwa hivyohivyo: kwanza kukana vita, kisha kiapo cha "by jingo", kisha hesabu ya meli, watu na fedha. Kiapo chenyewe kilikuwa cha zamani. Wafanya mazingaombwe wa Uingereza wa karne ya 17 walitamka "jingo" walipotokeza kitu ambacho hakikuwepo, na mwaka 1694 Peter Motteux alikitumia katika tafsiri ya mwandishi Mfaransa Rabelais, pale Rabelais alipoapa kwa Mungu. Sioni neno lililostahili zaidi kazi liliyopewa baadaye: kutoa jeshi mfukoni mbele ya watu wanaopiga makofi.

Aliyelipa neno hilo kazi hiyo ni George Holyoake, mwanaharakati wa ushirika aliyewahi kufungwa kwa kosa la kukufuru. Barua yake katika gazeti la Daily News, Machi 13, 1878, iliwaita wapenda vita hao majingo. Ilikuwa lawama, na nafurahi kwamba imedumu. Majuma machache kabla, kundi la watu lilikuwa limevunja vioo vya nyumba ya mwanasiasa William Gladstone, aliyepinga vita. Dalili hiyo ikariri: adui yuko mbali, kwa hiyo jiwe la jingo humwangukia jirani anayesema tungoje kwanza.

Usimchanganye na mtu wa shari. Mtu wa shari tunamjua mitaani kwetu: akikosa wa kupigana naye, atapigana na mlango. Lakini shati atakukunja mwenyewe, kwa mkono wake, na meno yakitoka huenda yakawa yake. Jingo anapigana kwa koo. Mkono ni wa mwana wa mwenzake.

Kwa hiyo mngoje afike kwenye hesabu ya watu. Hapo ndipo pa kumbana. "Watu tunao." Hiyo "tu-" ni nani? Mwaka uleule serikali ya Uingereza ya Benjamin Disraeli, ilipotaka kuionyesha Urusi kwamba haitanii, ilipeleka Malta askari wapatao 7,000 kutoka India. Hao hawakuwa ukumbini siku kiitikio kilipopigwa. Vita havikuja: mkutano wa mataifa wa Berlin wa Juni na Julai ulimaliza shauri kwa wino, na Uingereza ikabaki ikiitawala Kupro. Herbert Campbell, mchekeshaji wa kumbi zilezile, aliubeza wimbo wa Hunt kwa kumwigiza mtu anayekiri wazi kwamba yeye vitani haendi. Katika kisa hiki chote huyo ndiye ninayemheshimu zaidi, maana alijitaja mwenyewe badala ya kutaja "sisi".

Fanya basi hivi. Jingo akikuambia watu tunao, mwombe jina moja, liwe la mtu wa nyumbani kwake. Akianza kukueleza heshima ya taifa, rudia swali. Na akitaja jina lake mwenyewe, kisha akaenda kweli kujiandikisha, mwombe radhi: huyo alikuwa mtu wa shari tu.