Iacheni Kengele Ilie

Katika gari zima hakuna kitu kinacholaaniwa kama kengele ya mkanda. Breki zikilia, mwenye gari anakwenda kwa fundi. Injini ikigonga, hapati usingizi. Kengele ya mkanda ikianza ti-ti-ti-ti, anasonya, anaongeza sauti ya redio, na akifika mjini anatafuta mtu wa kuikata. Naandika kuisifu kengele hiyo. Naisifu kwa kelele zake, kwa ung'ang'anizi wake na kwa kutojali umechelewa kiasi gani, kwa sababu hayo ndiyo yanayoifanya ifae.

Muuzaji hataitaja. Pita kwenye yadi yoyote ya magari Dar es Salaam usikilize: gari ni namba E, halijapakwa rangi, injini haijafunguliwa, rimu ni zake za kiwandani, linawashwa kwa kubonyeza, kamera ya nyuma ipo, viti vya ngozi, mafuta linanusa tu. Dalali mzuri anaweza kuizungumzia skrini peke yake mpaka chai ipoe. Sijawahi kumsikia hata mmoja akisema, "Na ukikaa bila mkanda, gari hili litakupigia kelele mpaka uufunge." Hilo ndilo ningetaka kuuziwa.

Tena kwetu sisi tunaonunua magari yaliyokwisha kutumika Japani, kengele hii ina sifa ya pekee: inavuka bahari ikiwa nzima. Vingine vingi vinafika vimekufa. Skrini inafunguka na maandishi ya Kijapani na ramani ya mitaa ya huko. Redio iliundwa kushika masafa ya kwao, megahezi 76 hadi 90, wakati stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo, kwa hiyo fundi lazima akufungie kifaa cha kushushia masafa ndipo usikie taarifa ya habari. Ukiwasha gari, dada wa Kijapani anakueleza kwa adabu kwamba hujaingiza kadi ya kulipia barabara kuu za nchi yake, na ataendelea kukueleza hivyo kila asubuhi mpaka siku utakapoliuza. Vyote hivyo ulivilipia, na havikufai kitu. Kengele ya mkanda haihitaji setilaiti, kadi wala mkalimani. Aliyesoma na asiyesoma wanaielewa sawasawa, Nagoya na Namanga.

Kazi yake si ya ajabu. Ndani ya kifungio cha mkanda kuna swichi inayojua kama ulimi wa chuma umeingia. Ndani ya kiti cha abiria kuna kitambuzi cha uzito. Uzito ukihisiwa na ulimi haujaingia, gari linalia. Haliwezi kutofautisha shangazi na kiroba cha unga, na hapo ndipo malalamiko mengi yanapoanzia: umetoka sokoni, umeweka maharage kiti cha mbele, basi kengele inalia kutoka Kariakoo hadi Mbagala. Mimi niko upande wa kengele. Kati ya chombo kinachohesabu kiroba kuwa mtu na chombo kinachohesabu mtu kuwa kiroba, nachagua cha kwanza. Isitoshe, kiroba cha kilo 25 kilicholegea kitini ni hatari gari likisimama ghafla. Kipeleke kwenye buti, au kifunge mkanda, kengele itanyamaza.

Mkanda wenyewe umekwisha kuthibitika. Huu wa kupita begani na kiunoni ulibuniwa na mhandisi Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959, na kampuni hiyo ikawaachia watengenezaji wengine wautumie. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mkanda unaweza kupunguza hadi nusu hatari ya kufa kwa aliyemo ndani ya gari. Upungufu wake ni mmoja tu: lazima mtu aufunge. Na mtu anayekwenda dukani hapo karibu haufungi.

Katika biashara ya magari kuna imani ya siku nyingi kwamba usalama hauuzi. Mwaka 1956 kampuni ya Ford, kitengo chake cha magari ya jina hilo kikiwa chini ya Robert McNamara, ilijaribu kuwauzia Wamarekani usukani usiochoma kifua, dashibodi iliyowekewa sponji na mikanda ya kulipia zaidi. Chevrolet ikaipita kwa mauzo, na wauzaji wakapata kisingizio kilichowatosha kwa miaka mingi. Aprili 1971 wakuu wa Ford, Henry Ford II na Lee Iacocca, walikwenda Ikulu ya Marekani kumlalamikia Rais Nixon juu ya masharti ya usalama, mifuko ya hewa ikiwemo. Mazungumzo hayo yalirekodiwa na leo yanajulikana. Mifuko ya hewa ikaahirishwa, na badala yake yakaja magari ya mwaka 1974 ambayo hayakuwaka kabisa mpaka waliokaa mbele wafunge mikanda. Watu walikasirika kwelikweli. Mzigo kitini uliwazuia kuwasha gari, mbwa kitini aliwazuia kuwasha gari. Oktoba mwaka huohuo ikatiwa saini sheria iliyouzuia mtambo huo usilazimishwe tena, na katika hasira hiyohiyo ikaamuliwa kwamba kengele nayo isilazimishwe kulia zaidi ya sekunde 8.

Sekunde 8 ni muda wa kutafuta miwani mfukoni. Kengele ya namna hiyo haimsumbui mtu, na isiyomsumbua mtu haimwokoi.

Walioirudishia heshima ni Ford haohao. Kwenye magari ya mwaka 2000 walianza kufunga kengele inayolia sekunde 6, inanyamaza nusu dakika, inalia tena, hivyo hivyo hadi dakika 5. Watafiti wa IIHS, taasisi ya usalama barabarani inayogharimiwa na makampuni ya bima ya Marekani, wakaenda kwenye maduka ya Ford katika jimbo la Oklahoma kuwatazama madereva walioleta magari yao kufanyiwa huduma. Kwa magari yasiyo na kengele hiyo, madereva 71 katika kila 100 walikuwa wamefunga mkanda. Kwa yenye kengele, 76. Watano zaidi katika kila mia, bila askari, bila faini, bila semina ya siku mbili hotelini. Sheria ya sekunde 8 ililegezwa mwaka 2012, baada ya watu wengi kufa ambao pengine wangesumbuliwa wakapona.

Ndiyo maana niliumia siku nilipokwenda kulijaribu gari katika yadi moja. Kijana aliyenipokea alikuwa mkarimu na gari alilijua vizuri. Nilipokaa kwenye usukani, kengele haikulia. Nikatazama pembeni ya kiti: kwenye kifungio cha mkanda kilikuwa kimechomekwa kichuma kifupi kinachong'aa, kimebandikwa nembo ya kampuni iliyotengeneza gari, kana kwamba kiwanda chenyewe kimekibariki.

"Bosi, hiyo ni zawadi," akasema. "Inaondoa usumbufu."

"Mdogo wangu," nikamwambia, "mimi huo usumbufu ndio ninaoutaka."

Akakichomoa kwa mshangao, na kengele ikalia hapohapo, kwa sauti kavu, ya juu. Nikafunga mkanda. Ikanyamaza. Makubaliano yalikuwa yamefikiwa ndani ya gari lile bila mtu kutukanwa.

Vichuma hivyo vinauzwa kwenye maduka ya vipambo vya magari, vimepangwa pamoja na manukato na vifuniko vya usukani. Kinachouzwa pale ni uongo ambao gari linaambiwa mahali linapohitaji mno kujua ukweli. Mfuko wa hewa umetengenezwa kusaidiana na mkanda. Hufumuka kwa nguvu, chini ya muda wa kufumba jicho, na asiyejifunga anakutana nao akiwa amekwisha kurushwa mbele, karibu mno. Wengine hawahitaji hata kichuma: wanaupitisha mkanda nyuma ya mgongo, wanaufunga, wanauegemea. Wamefanya kazi yote ya kujifunga isipokuwa ile ya kupona.

India wamelijua hili kwa uchungu. Tarehe 4 Septemba 2022 Cyrus Mistry, aliyewahi kuwa mwenyekiti wa Tata Sons, alifariki katika ajali huko Palghar, na polisi walisema alikuwa kiti cha nyuma bila mkanda. Mwaka uliofuata mamlaka ya kuwalinda walaji ya nchi hiyo iliyaamuru masoko matano ya mtandaoni yaache kuuza vichuma vya kunyamazishia kengele, na matangazo 13,118 yakaondolewa. Elfu kumi na tatu na ushei, kwa kitu ambacho kazi yake ni moja tu: kukufanya usisikie onyo. Sisi nasi tuyakague maduka yetu kabla hatujafiwa na mtu mashuhuri.

Waliopanda matatu Kenya enzi za Waziri wa Uchukuzi John Michuki wanaikumbuka Februari 2004, mikanda na vidhibiti mwendo vilipoanza kulazimishwa. Nidhamu ilikuwepo, kisha ikalegea. Mkanda ukawa wa kufungwa karibu na kizuizi cha polisi: kondakta anapaza sauti kwamba kuna askari mbele, abiria wanafunga, askari anachungulia, gari linaondoka, wanafungua. Askari hawezi kusimama kila kilomita. Kengele ipo kila kilomita. Haipokei kitu kidogo, haimjui mkubwa, haiulizi gari ni la nani.

Mabasi yetu ya mikoani ya Tanzania yana jamaa wa kengele hiyo, ule mfumo wa kufuatilia mwendo wa LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, unaolia dereva akizidisha. Abiria wanalalamika kwamba unawanyima usingizi. Lakini zamani mwendo ulikuwa siri ya dereva na mshale wake. Siku hizi mama aliyekaa kiti cha katikati anaweza kusema, "Dereva, punguza, tunasikia," na hana haja ya kuona dashibodi. Mlio umempa haki ya kusema.

Sisifu kila kinacholia. Ulaya, tangu Julai 2024, magari mapya yote yanayouzwa lazima yawe na onyo la kuzidisha mwendo na onyo la dereva anayesinzia, na watengenezaji wanaongeza ya kwao juu ya hayo. Kuna magari yanayosoma kibao cha barabara ya pembeni na kumlaumu dereva asiye na kosa. Kampuni inayojaza milio bila kuipima inamkosea mteja, na inaikosea zaidi kengele ya mkanda, kwa sababu dereva aliyechoshwa ataizima yote kwa pamoja. Kengele ya mkanda haina kosa hilo. Ama umefunga, ama hujafunga.

Kengele hii inazidi kuenea, nami nafurahi. Kanuni namba 16 ya Umoja wa Mataifa, kwa miundo mipya ya magari tangu mwaka 2019, inataka ukumbusho wa mkanda hadi viti vya nyuma. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo magari ya namna hiyo hayako mbali na bandari ya Mombasa. Kiti cha nyuma ndicho tunachowakalisha watoto, wazazi na wageni wa heshima, na ndicho tusichofunga mkanda. Kumwambia mama mkwe ajifunge tunaona ni kumkosea adabu, tunanyamaza, tunaondoka. Sasa gari litasema kwa niaba yetu, naye hatakuwa na wa kumlaumu. Ni heshima kwake, na ni usalama kwa aliye mbele yake pia, maana asiyejifunga nyuma, gari likigonga, humwangukia aliyejifunga mbele.

Kwa hiyo ukienda kununua gari, fanya jambo hili kabla ya kufungua boneti. Kaa kwenye usukani bila kufunga mkanda, liwashe, lisogeze taratibu mumo humo yadini. Mkalishe na mtu kiti cha abiria, naye asijifunge. Sikiliza. Pasipolia, tazama kifungio kama kimechomekwa kichuma. Kama hakuna kichuma, mwite fundi umeme achungulie chini ya kiti, kwa sababu nyaya za mkanda mara nyingi zinapita pamoja na zile zenye plagi za njano za mifuko ya hewa, na aliyekata hizi huenda aligusa na hizo. Muuzaji akikuambia kwamba kengele si kitu, tafuta gari lingine.