Kuku Choma Bila Kuchinja: Hatua Saba

Ndugu mfugaji mtarajiwa, ni Januari, uko Dar es Salaam, na jasho linakutoka hata ukiwa umekaa. Kuku mwenzako hana bahati hiyo: hana tezi za jasho. Joto hulitoa kwa kuhema mdomo wazi na kutanua mabawa, na hewa ikiwa na unyevu kama ya kwetu, hata kuhema hakumsaidii sana. Kazi nusu umeshafanyiwa. Malizia hivi.

1. Anza na hesabu, banda baadaye. Mita moja ya mraba hutosha kuku wa nyama kumi hivi hadi siku ya kuuzwa. Wewe andika ishirini. Faida imeongezeka maradufu papo hapo, na kwenye karatasi kuku hawapumui.

2. Jenga kwa bati tupu, chini kiasi cha kuligusa kwa mkono. Upande mrefu uelekee magharibi, ule jua lote la alasiri. Washamba hulilaza banda mashariki-magharibi ili jua lipite juu ya paa, kisha wakatandika makuti juu ya bati. Makuti, mjini! Wewe ziba pande zote kwa turubai. Mwizi na upepo wabaki nje.

3. Washa jiko la mkaa. Umesikia kifaranga wa siku moja anataka nyuzi 32 hadi 35, zikipungua kama tatu kila wiki. Shika maneno ya mwanzo, ya mwisho yaache. Mchana jiji lenyewe hufika nyuzi 31 au 32 kivulini, na chini ya bati lako ni zaidi. Lakini mkaa umeshanunua. Utautupa?

4. Usiwatazame. Vifaranga ni wambeya: wakisikia baridi hujirundika kwenye jiko, wakisikia joto hukimbilia ukutani, mabawa yamelegea, midomo wazi. Wakitulia vizuri hutawanyika banda zima kama punje za wali kwenye sinia. Mgeni akiuliza mbona wamefumbua midomo, mwambie wanaimba. Piga picha, weka stetasi: "Mradi unaenda."

5. Maji ni ya kupita juani kwanza. Kwenye joto kali kuku anaweza kunywa maradufu ya kawaida yake, kwa hiyo mpe chombo kimoja kwa mia mbili, wajifunze foleni. Tangi liwe jeusi, likae juu ya paa. Saa nane mchana chovya kidole: yakifaa kumkandia mzazi, yako tayari.

6. Wajazie chakula saa saba mchana. Kumeng'enya nako huzalisha joto, na hatutaki kupoteza hata chembe. Wakongwe wa kazi hii, kuku wakishafika wiki ya nne, hunyanyua vyombo vya chakula jua linapoanza kukaza, huacha maji ya baridi tele, na hurudisha chakula jioni ili kuku wale usiku kwa nafasi. Usiku wewe una usingizi wako.

7. Tayarisha wa kulaumiwa mapema. Wataanza kuanguka wale wanene, waliokuwa fahari ya stetasi yako. Sema ni mdondo. Sema vifaranga walikuja wabovu. Sema jirani ana jicho, juzi alisimama pale mlangoni akasema, "Maashallah." Ila afisa mifugo usimwite. Huyo ataingia, atainua mkono, atagusa bati, na hatauliza tena habari za jirani.

Basi, umehitimu. Vuta kiti chini ya mwembe, mbali na banda, mahali penye upepo. Fungua vifungo vya shati. Tenga mikono na mbavu, kwapa zipate hewa. Egemea, fumbua mdomo, hema taratibu.

Mwanao wa miaka sita atapita, atakutazama kidogo, kisha aulize: "Baba, mbona umekaa kama wale kuku?"

Usijibizane na mtoto. Mtume maji. Ya baridi.