Limau la Plastiki Ladai Cheti

Ghala la samani, Tacoma, jimbo la Washington. Vitu vilivyomo humu havina mwenyewe wa kuvitumia: hukodishwa kwa nyumba tupu zinazouzwa, vikapangwa zivutie macho, na nyumba ikinunuliwa hurudi rafuni. Binti mmoja wa Mombasa, ambaye usiku hutunza wazee na baadhi ya mchana hubeba viti humu, anataka kuifanya kazi hii kuwa yake. Amekwenda kula, kompyuta ameiacha wazi juu ya kochi. Kurasa tatu, kozi tatu.

KIOO: Jamani, sogeeni. Kozi ya kwanza ni siku tatu tu! Unatoka na cheti, herufi za kuweka nyuma ya jina lako, na nembo ya kubandika kwenye gari.

KOCHI: Siku tatu? Doa la kahawa kwenye mkono wangu huu lilichukua wiki nzima kutoka.

LIMAU: Mzee Kochi, usidharau elimu. Mteja akiziona zile herufi anajua huyu kasoma.

KOCHI: Kasoma nini? Wewe umekalia mabakuli ya jikoni miaka yote hii. Umewahi kukamuliwa hata siku moja?

LIMAU: Hayo sasa ni matusi.

KOCHI: Ni swali tu, mwanangu.

KITANDA: Shikamoo Mzee. Na serikali je? Haidai leseni?

KOCHI: Marahaba. Dalali wa nyumba ndiye anayedaiwa. Hapa Washington ni saa 90 za darasa kwanza, kisha mtihani wa serikali. Lakini ukitaka kupamba nyumba ya mtu iuzike, hakuna jimbo Marekani litakalokuuliza cheti. Andikisha biashara, lipa kodi, chukua mito yako uende. Cheti hicho anakitoa yule yule aliyekuuzia kozi.

KITANDA: Kwa hiyo anayetahini ndiye muuzaji?

KOCHI: Na anayetahiniwa ndiye mteja. Ulishasikia duka limemfelisha mteja?

LIMAU: Lakini kazi yenyewe ina asili yake, tena ya huku huku kwetu! Barb Schwarz aliianza mwaka 1972, eneo hili la Seattle. Na yeye mwenyewe akaja kutoa vyeti.

KOCHI: Kweli kabisa. Ila mama yule alikuwa akiuza nyumba. Alizijua harufu za paka na mazulia yaliyochakaa kabla hajasimama mbele ya mwanafunzi yeyote. Siku hizi mtu anaanzia darasani, anamaliza, wateja hawaoni, basi naye anafungua darasa lake. Ndiyo biashara pekee ninayoijua ambayo wahitimu wake huwa washindani wa mwalimu kabla ya kuwa mafundi.

KIOO: Haya, ya pili. Hii nzuri! Ni video, unasoma ukiwa umelala kitandani. Mwalimu kasimama sebuleni kwake, kila kitu cheupe. Hapa pana mama kakaa ufukweni na kompyuta mapajani, chini pameandikwa: "Wahitimu wetu wanapata kipato cha ndoto zao."

KITANDA: Wahitimu wangapi?

KIOO: Hawakusema.

KITANDA: Kipato kiasi gani?

KIOO: Cha ndoto, Kitanda. Husomi?

KOCHI: Picha hiyo imepangwa na mtu wa fani yetu, namsifu. Lakini nchi hii ina Tume ya Biashara, na anayetangaza kipato anatakiwa awe na ushahidi wa anachokisema. Binti aombe huo ushahidi kwa maandishi, kisha ahesabu siku ambazo jibu litachukua kufika.

KIOO: Wamenukuu utafiti pia! Wa chama cha madalali, National Association of Realtors. Eti nyumba iliyopambwa huuzwa upesi.

KOCHI: Chama kile huwauliza madalali wanachama wanaonaje, nao hujibu wanavyoona. Si kwamba mtu kachukua nyumba mbili pacha, moja kaiacha tupu, nyingine kaitia limau, kisha kakaa kupima. Rai ya dalali ina thamani, maana ndiye atakayekuita kazini. Ila rai si mizani.

LIMAU: Mimi nimeuza nyumba nyingi sana!

KITANDA: Soko lilipokuwa moto, Limau, hata zile za mapaa yanayovuja ziligombewa. Nazo uliziuza wewe?

(Limau lajigeuza upande wenye nembo ya kiwanda.)

KOCHI: Kilichotuharibia ni televisheni. Mwaka 2004 HGTV walileta kipindi cha Designed to Sell: dola 2,000, nusu saa, nyumba imegeuka. Watazamaji wakaona rangi na mito. Mimi ninapokaa humu bila kukodiwa, nalipiwa pango la ghala. Nikikodiwa, pana lori, pana wabebaji, pana bima. Kule Capitol Hill, Seattle, nilipandishwa ngazi hadi orofa ya tatu, mguu wangu ukakwaruza ukuta uliopakwa rangi jana yake. Nani alipe? Mwenye nyumba kanuna, dalali hapokei simu, wabebaji wanatazamana. Jibu lilikuwa katika mkataba, kifungu kimoja kifupi. Na nyumba isipouzika muda wa kukodi ukiisha, nabaki kule kwa bei gani? Jibu nalo limo mkatabani. Bi Kioo, tafuta neno "mkataba" kwenye hizo kozi mbili.

KIOO: Ya kwanza... hamna. Ya pili... lipo! "Mkataba huu wa mwanafunzi haurudishi ada."

KITANDA: Na mimi nitajwe. Wageni huniona kitanda cha kifalme, lakini chini ya shuka ni maboksi ya kuhamia, na juu yake godoro la upepo. Siku moja mtoto wa wanunuzi alikimbia akanirukia. Boksi la katikati likatitia, mtoto akazama, ikabaki miguu. Dalali alikauka kama sanamu. Binti wetu, aliyekuwa amepita kunyoosha mapazia, akamtoa, akampangusa, akamwambia mama yake wazi kwamba hicho ni kitanda cha maonyesho, kisha akawapimia chumba kwa futi wajue kitanda chao halisi kitaenea au la. Video gani hufundisha hilo?

KIOO: Imebaki ya tatu, lakini siwezi kuitazama. Ukurasa una rangi ya uji. Hakuna ufukwe, nembo hamna. Wiki mbili ndani ya ghala la mtu, unabeba na kupanga nyumba moja hadi mwisho. Kisha kukadiria bei ya kazi, kuandika mkataba, kuhesabu vitu vikitoka na vikirudi. Mwishoni wameweka simu za waliosoma kwao, eti uwapigie mwenyewe.

LIMAU: Nani atanunua kozi mbaya hivyo? Wapambaji gani wameshindwa kupamba ukurasa wao?

KOCHI: Labda walikuwa kazini.

(Mlango wafunguliwa. Vyote vyanyamaza. Binti aingia, anafuta mikono ya mafuta ya chipsi kwenye jinzi, anakaa juu ya kochi. Ukurasa wa kwanza anaufunga bila kuumaliza. Kwenye wa pili anamtazama mama wa ufukweni kwa muda, anacheka peke yake, anaufunga. Kwenye wa tatu anachukua simu.)

BINTI: Habari za mchana, samahani kwa usumbufu. Nimepewa namba yako na wale wa kozi. Nina maswali mawili tu. Mwaka wako wa kwanza, wateja waliokulipa ni wangapi, ukiondoa ndugu na marafiki? Na ghala unalipia kiasi gani kwa mwezi?

(Anasikiliza kwa muda mrefu. Anaandika nyuma ya risiti ya mafuta ya gari. Kioo chajaribu kusoma, lakini kwake tarakimu zimegeuka kinyume.)

Alijiandikisha kozi ya tatu, ada kwa awamu. Zamu za usiku hakuziacha.