Ada ya Kitu Nisichopewa

Jana asubuhi, foleni ikiwa imefika mlangoni, karani wa usajili aliniuliza kwa sauti ya mwadhini: "Mzee wangu, ada ya mwaka umelipa?"

Ada gani, na cheti sijapewa? Nilivaa kanzu ya Idi na kofia ya viua, nimekuja kuchukua hataza ya kulinda ubunifu wangu, mbuzi ya kukunia nazi, ile yenye kanyagio la cherehani. Bibi mmoja nyuma yangu alicheka mpaka buibui likamteleza.

Mambo yenyewe ukiyafahamu yana utamu wake. Kwa sheria ya Zanzibar ya 2008, miaka 20 ya hataza haihesabiwi tangu siku unapokabidhiwa cheti, bali tangu siku ulipowasilisha maombi. Ada ya kila mwaka hulipwa mbele, kuanzia maombi yanapotimiza mwaka. Jalada langu limelala kabatini, mie nadaiwa! Ukichelewa una miezi 6 ya kusamehewa, ila msamaha wenyewe una faini. Ukipitiliza, maombi yanahesabika umeyaacha, na fundi yeyote wa Darajani aichonge mbuzi yako akauze. Ndiyo hikma yake: mtu asikalie wazo miaka 20 akiwazuia wenzake bure. Hikma nzuri, ningeipenda zaidi isingenihusu.

Kisha kuna ada ya kupewa na ya kutangazwa. Kutangazwa maana yake michoro yako, hadi pembe ya kila jino la mbuzi, inawekwa hadharani aisome anayetaka. Serikali inakupa miaka, wewe unatoa siri.

Mie hata karatasi zenyewe zimenishinda kutunza: michoro yangu ya awali ilirowa masika. Stakabadhi moja imefuliwa na suruali.

Lakini kuna moja halinichekeshi. Hataza si jambo la Muungano. Hii ya Zanzibar ikishapanda boti Malindi, Dar es Salaam inashuka karatasi tu. Bara wana sheria yao ya 1987, daftari lao na ada zao. Mbuzi inavuka, mtu wa Kariakoo anaiiga mchana kweupe, nami nimshitaki kwa lipi? Wa kulipa pande zote mbili ni kampuni, si fundi wa Mwembetanga. Tumeungana kwa kila kitu ila kwa kumlinda mnyonge aliyebuni kitu.

Ada ya Zanzibar nimelipa, na faini juu. Kwa ajili ya ada ya Bara, nilimuuliza mke wangu kama lile friji tunalihitaji kweli. Akanijibu kwamba yeye nazi anakunia mbuzi ya mamake.