Cheti cha Ushamba

Kwa Kiswahili hakuna anayependa kuitwa mshamba. Neno hilo hurushiwa aliyevuka barabara huku akihesabu ghorofa, na aliyerushiwa hulikana papo hapo, hata kama tope la kijijini bado halijakauka kwenye viatu vyake. Kwa hiyo mkopo wa nyumba unaodhaminiwa na Wizara ya Kilimo ya Marekani unachekesha tangu mwanzo: hapo nyumba sharti iwe ya shamba, na ikishindwa kuthibitisha ushamba wake, mwombaji anarudi mikono mitupu. Mpango huu una mizizi katika Sheria ya Makazi ya mwaka 1949, na neema yake si haba: mtu ananunua nyumba bila senti ya malipo ya awali, kwa riba isiyopanda wala kushuka, na analipa kwa miaka 30. Balaa lipo katika kuitafuta nyumba yenyewe. Wengi wanakwama, nami nadai hawakwami kwa umaskini wala kwa ugumu wa fomu. Wanakwama kwa sababu wanalitafuta shamba kwa macho, ilhali shamba hili linaonekana kwenye ramani tu.

Aliyekulia Kigoma au Bukavu akiambiwa nyumba ya shamba, picha anayo tayari kichwani: jogoo, tope na ng'ombe wa jirani. Basi anatoka Louisville, Kentucky, au Des Moines, Iowa, anaendesha gari mpaka amwone ng'ombe, na akimwona anapaki. Kumbe ng'ombe hana kura. Kinachohesabiwa ni watu. Mahali penye watu wasiozidi 10,000 na penye sura ya shamba panakubalika. Kati ya 10,000 na 20,000 panakubalika pakiwa nje ya himaya ya jiji kubwa na ikiwa wenye kipato cha chini na cha kati wanapata taabu kukopa fedha za nyumba. Tena ipo miji iliyokubaliwa zamani ambayo inavumiliwa hadi watu 35,000, kama mgeni aliyezoeleka mpaka hakuna anayethubutu kumuuliza ataondoka lini. Matokeo yake, mtaa wenye lami, supamaketi na duka la piza unaweza kuwa shamba halali, na kibanda chenye mbuzi ukingoni mwa jiji kikahesabiwa mjini. Mpaka ukipita katikati ya barabara, wa upande huu ni mshamba mwenye haki zake, na wa upande wa pili ni mtu wa mji asiye na lake. Na kwa kuwa mipaka hupitiwa upya baada ya sensa, mtaa unaweza kulala shamba ukaamka mji bila hata jiwe moja kusogezwa.

Hapo ndipo kichekesho kinapokolea. Wizara ni ya Kilimo, lakini ukitaka shamba la kukuingizia fedha, mkopo huu si wako. Nyumba ni ya kuishi wewe mwenyewe. Bustani ya mchicha wa kula nyumbani haina kesi. Kuna pia hesabu ya kipato, ambayo kwa familia zetu ni mtihani. Kipato cha kaya kisizidi asilimia 115 ya kipato cha kati cha eneo husika, na kaya maana yake ni watu wazima wote wanaoishi humo, wawe wametia saini kwenye mkopo au hawakutia. Yule mjomba aliyekuja kwa wiki mbili, huu mwaka wa tatu, mshahara wake wa ghalani unahesabiwa. Kwa upande mwingine, kiwango cha kaya ya watu watano hadi wanane kiko juu ya kile cha kaya ya mtu mmoja hadi wanne, kwa hiyo mtoto wa tatu wa baba na mama anaweza kuipa familia nafasi iliyokuwa imekosekana. Mjomba huyohuyo basi huenda akawa mkosi au baraka, inategemea payslipu yake.

Najua nitaambiwa: kazi hiyo si ya dalali? Dalali ni mtu muhimu, ila yeye hulipwa nyumba ikiuzwa, na tangazo linalosema nyumba inafaa kwa mkopo wa Wizara haliifungi Wizara. Wengine watasema mstari unaokata barabara ni upuuzi mtupu. Ni kweli unaudhi, lakini mstari wowote lazima umwache mtu nje; ukiachwa uamuliwe kwa macho, kila mwenye kuku wawili atadai ushamba. Pingamizi lenye uzito zaidi ni la gharama. Hakuna malipo ya awali, lakini ada ya dhamana ya asilimia 1 ipo, na nyingine ya asilimia 0.35 kila mwaka. Kwa mkopo wa dola 200,000, hizo ni dola 2,000 mwanzoni, ambazo huweza kuingizwa ndani ya deni, na karibu dola 700 kwa mwaka wa kwanza. Ongeza petroli ya kwenda kazini mjini, maana kwenye shamba halali basi mara nyingi halipiti. Na dhamana ya serikali, inayofika hadi asilimia 90 ya mkopo, inaikinga benki. Anayedhani serikali itamlipia rejesho la mwezi atajikuta hana nyumba, huku benki ikiwa imeshapoozwa machungu. Haya yote ni ya kupigiwa hesabu, lakini yanapigiwa hesabu juu ya nyumba iliyokubalika. Kuyapigia hesabu juu ya nyumba iliyo upande mbaya wa mstari ni kupanga viti vya harusi kabla ya posa kupokelewa.

Ramani hiyo ya Wizara ipo kwenye intaneti, bure. Andika anwani kwanza, pamoja na namba ya nyumba, ndipo uwashe gari. Ng'ombe utawaona siku ya kuhamia.