Sifa za Mkanda wa Dakika 60

Vijana wanaopiga video za harusi siku hizi wamenyimwa neema. Wanachomeka kadi isiyozidi ukucha, wanabonyeza kitufe, na kamera inameza sherehe yote tangu bibi harusi anaposhuka garini hadi keki inapolishwa wakwe. Hawaijui raha ya kubeba mfuko wa kaseti za MiniDV, kuzichana nailoni moja baada ya nyingine na kuziandika kwa kalamu nene: "Sendofu 1", "Sendofu 2", "Ukumbini 1". Wenye akili timamu wote wamekwisha kuisifia kadi. Mimi nimebaki na mkanda.

Mkanda ulikuwa na adabu ya kuisha. Kaseti ya kawaida ilichukua dakika 60, basi. Zikibaki mbili, mpiga video alianza kumtolea macho MC; zikiisha, aliinua mkono, na mjomba wa bwana harusi, ambaye katika historia ya ukoo ndiyo kwanza alikuwa amefika mwaka 1978, alilazimika kunyamaza. Ukumbi ulishusha pumzi. Wahudumu walipitisha soda, na mjumbe mmoja wa kamati akapata upenyo wa kumnong'oneza mzee kwamba pilau inapoa. Kadi ya GB 64 inabeba zaidi ya saa nne za picha za kiwango kilekile cha DV, na haijawahi kumkatiza mjomba yeyote.

Kweli, kuna nyakati mkanda uliisha pete ikiwa katikati ya kidole. Bwana harusi aliombwa aivue na kuivisha upya, safari hii akitazama kamera. Kuna ubaya gani? Mara ya pili mikono haitetemeki, na mashahidi wanakuwa wameona vizuri zaidi.

Tena mkanda uliijua hali ya hewa. Ndani ya kamera kuna ngoma ndogo yenye hedi, inayozunguka mara 9,000 kwa dakika, na mkanda wenye upana wa milimita 6.35 unapita ukiikumbatia. Ngoma ikipata umande, mkanda hunata. Ndiyo maana mtu aliyeshuka na kamera kutoka gari lenye kiyoyozi, akaingia kwenye joto la Mombasa mwezi wa Machi, aliona alama ya tone la maji ikimulika, na kazi ikasimama. Kamera haikusikia dua wala tusi. Ilitaka kukaa ikauke. Ni chombo gani kingine cha kazi kilichomlazimisha mtu wa pwani apumzike jua likiwa kali?

Lakini fadhila yake kubwa ilijitokeza baada ya harusi. Kuuhamishia mkanda kwenye kompyuta kwa waya wa FireWire kulichukua muda uleule wa kuurekodi: saa moja kwa saa moja, haukuharakishwa kwa rushwa wala kwa kasi ya mashine. Mikanda sita, saa sita. Mhariri aliketi akaitazama harusi nzima, huenda peke yake duniani: shangazi akifungasha mapaja ya kuku kwenye mkoba, mtoto amelala chini ya meza ya zawadi, mpiga kinanda akipiga miayo. Leo faili linanakiliwa kabla chai haijapoa, na harusi inakatwakatwa na mtu ambaye hajaiona.

Watasema mkanda hutafunwa. Hutafunwa, ndiyo, na msiba wake unauona kwa macho: umekunjamana, unaning'inia nje ya kaseti, na mara nyingi kilichopotea ni sekunde chache. Kadi hufa kistaarabu mno. Nje haina hata mkwaruzo, na kompyuta inakuuliza kwa upole kama ungependa kuifomati.

Na kadi inazaliwa ili ifutwe. Panasonic ilipoleta kadi za P2 mwaka 2004, ya GB 4 ilibeba yapata robo saa ya picha za DV, na bei yake haikuruhusu mtu kuifungia kabatini. Ilimwagwa, ikarudi kazini. Bei imeshuka, tabia imebaki. Harusi ya Jumamosi huipisha ya Jumapili. Kaseti ilisukumwa kijilimi chake upande wa SAVE, ikawekwa juu ya kabati ile vumbi kwa amani.

Msiniletee habari za NASA, waliokiri mwaka 2009 kwamba mikanda ya data yenye picha halisi za Apollo 11 huenda ilifutwa ili itumiwe tena. Mkanda ulitii tu. Waulizeni Google, ambao mwaka 2011 hitilafu ya programu ilipofuta barua pepe za baadhi ya watumiaji wa Gmail, walizirudisha kutoka wapi? Kwenye mikanda.

Imebaki dosari moja ndogo: kamera za kuzisomea kaseti zile zinazidi kuadimika, kwa hiyo harusi nyingi sasa zimehifadhiwa salama hata dhidi ya wenye harusi. Fundi mwenye kamera ambayo ngoma yake bado inazunguka anatoza kwa kaseti. Wateja hawabishani naye bei. Wanachomlaumu ni kwamba kaseti ya saa moja inamchukua saa moja.